Jua Haki Zako: Unaponunua Dawa Famasi

Ni jioni huko Mutarule, mashariki mwa Kongo (RDC). Mtoto ana homa tangu jana, mwili unawaka. Mama anakwenda famasi na franka zilizobaki baada ya kununua unga. Muuzaji anafungua kopo, anamwaga vidonge kiganjani, anahesabu sita na kuvifunga kwenye kipande cha daftari la shule. “Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mama.” Hakumtajia jina la dawa wala tarehe ya kuisha, na hakuuliza mtoto ana umri gani au kilo ngapi.

Mama amelipa, lakini hakupata haki yake.

Sheria inasema nini

Ibara ya 47 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inahakikisha haki ya afya. Kazi ya famasi ina masharti tangu amri ya 15 Machi 1933, na utaratibu wa afya ya umma umewekwa na Sheria Na. 18/035 ya 13 Desemba 2018. Wafamasia wana Orde yao ya kulinda maadili ya kazi, na dawa zinadhibitiwa na ACOREP, mamlaka ya serikali. Kwa hiyo dawa haiuzwi kama chumvi. Anayekupa dawa amebeba dhamana ya mwili wako.

Haki zako famasi

*Kujua anayekuhudumia.* Uliza kwa heshima: “Ndugu, famasi hii ina ruhusa? Mwenye diploma ni nani?” Swali hilo si tusi.

*Kuona pakiti.* Soma jina la dawa, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Mwishoni mwa 2014 na katika 2015, mamia ya watu kaskazini-mashariki mwa nchi yetu walikakamaa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vidonge walivyomeza vilikuwa na lebo ya diazepam, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Pakiti peke yake haithibitishi kwamba dawa ni halisi, lakini ndiyo inayosaidia kuifuatilia mpaka ilikotoka. Kipande cha daftari hakina namba ya loti.

*Kuelezwa.* Kipimo, saa za kumeza, siku ngapi, na dalili gani zikitokea urudi haraka. Kama una mimba, unanyonyesha au unameza dawa nyingine, sema. Kama hujui kusoma, una haki ya kuelezwa kwa lugha yako mpaka uelewe.

*Kutunziwa siri.* Ugonjwa wako si habari ya sokoni. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, au faini, au vyote viwili.

*Kutouziwa dawa ya bure.* Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya UKIMWI hutolewa bure na programu za taifa. Ukiuziwa, toa taarifa.

Jambo moja watu hulielewa vibaya. Mfamasia akikataa kukuuzia antibiotiki bila ordonansi (karatasi ya daktari), au akakataa kukukatia nusu ya dozi, hajakunyima haki. Amekulinda, hata kama amekosa pesa yako. Hapo ndipo utakapomtambua mwenye maadili.

Ukidhurika

Kwanza mfikishe mgonjwa kituo cha afya, ukiwa na vidonge vilivyobaki na karatasi vilivyofungwa ndani yake. Usivitupe, kwani ndivyo ushahidi wako. Andika siku, saa, bei na nani alikuwepo. Mwambie muuguzi mkuu wa kituo, na uombe habari ifike kwa mganga mkuu wa zoni ya afya.

Madhara yakiwa makubwa, peleka malalamiko polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashitaka). Kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabia kosa anayejeruhi au kuua kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Madai, Kitabu cha Tatu, kinasema anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima alipe fidia. Kurudishiwa franka zako si fidia ya figo la mtoto lililoharibika.

Lakini usimpige muuzaji wala usivunje duka lake. Ukifanya hivyo, mshitakiwa utakuwa wewe.

Ndugu msomaji, kesho ukifika famasi, kabla ya kutoa pesa, sema: “Nionyeshe pakiti, tafadhali.” Anayejua kazi yake hatakasirika. Akikasirika, rudisha pesa mfukoni na umpeleke mtoto kituo cha afya.