Oveni Ikianza Kuunguza: Somo la Kubadilisha Themostati Nyumbani

Katika somo hili tunashughulika na kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona, ijapokuwa tunakizungusha kila tukioka. Ni themostati ya oveni, ile swichi inayopima joto. Akina mama wanaooka keki na mikate ya kuuza hapa Namboboto, kule Funyula na hata Busia mjini wataelewa haraka, maana siku themostati inapokufa ndiyo siku unga, mayai na siagi vinapogeuka makaa.

Nianze na jambo nililoliona kwa jirani yangu. Ana jiko la aina ile iliyoenea sana, gesi juu na oveni ya stima chini. Jumamosi moja alikuwa na oda ya keki za harusi. Ya kwanza ikatoka nyeusi pande zote na katikati mbichi. Akapunguza joto; ya pili ikawa vivyo hivyo. Fundi akaitwa. Baada ya muda mfupi akasema, "Mama, themostati imekufa, lakini usihangaike, nimekupigia dairekti. Sasa itawaka bila shida." Kweli iliwaka. Ikaendelea kuwaka, mpaka nobu ya plastiki ikaanza kulainika na ukuta ulio nyuma ya jiko ukawa mweusi. Bahati nzuri mama alikuwa bado hajaondoka kwenda sokoni, akachomoa plagi.

Hiyo "dairekti" ndiyo nataka tuielewe. Fundi huchukua waya mbili zilizokuwa zimeshikana na themostati, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Oveni inapata stima, mteja anafurahi, fundi analipwa. Lakini kilichotolewa ni kitu pekee kilichokuwa kinaiambia koili "sasa basi". Koili ya wati 2,000 ndani ya sanduku lililofungwa haina akili ya kujizima. Baadhi ya oveni zina kizuizi cha pili cha usalama, nyingi hazina. Kwa hiyo fundi akikupendekezea dairekti, mjibu kwa upole: "Hapana fundi, nitafutie nyingine, nitangoja."

Wazee wetu wa Samia walikuwa wafua chuma mashuhuri, na walisoma joto kwa rangi ya chuma chenyewe. Lakini chuma hakianzi kung'aa mpaka kipite digrii 500 hivi. Mkate unaiva kwenye digrii 200 hadi 220, na keki kwenye 160 hadi 180. Hapo jicho halikusaidii, na mkono ukiutia ndani utakuambia tu kwamba ni moto. Ndiyo sababu oveni inahitaji kipimo chake.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Nyuma ya nobu kuna kiboksi kidogo chenye swichi. Kutoka kwenye kiboksi hicho unatoka mrija mwembamba wa shaba, mwembamba kama waya, na mwisho wake una kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya oveni, kimebanwa ukutani. Tukiite kidole. Ndani ya kidole na mrija kuna mafuta. Oveni ikipata joto, mafuta yanatanuka, yanasukuma kibati chembamba ndani ya kiboksi, na kibati kinaachanisha midomo ya swichi. Ta! Stima inakatika. Oveni ikipoa kidogo, mafuta yananywea, midomo inakutana tena. Ile taa ndogo inayowaka na kuzima wakati unaoka ndiyo inakuonyesha kazi hiyo. Unapozungusha nobu unasogeza tu mahali ambapo swichi itaachana.

Sasa angalia hatari ilipo. Mrija ukipata ufa na mafuta yakavuja, hakuna cha kusukuma kibati. Midomo inabaki imekutana, na oveni inawaka bila kukoma. Vivyo hivyo midomo ikiungua ikashikana. Yaani kifaa hiki mara nyingi kikifa kinafia upande wa moto, si upande wa baridi. Ukiona ile taa haizimi hata baada ya dakika arobaini, usingoje keki ya tatu.

Hata hivyo tusiilaumu themostati bure. Nimeona watu wakinunua mpya na shida ikabaki pale pale. Keki ikiwa nyeusi juu na mbichi chini tu, huenda ni koili ya chini iliyokatika. Oveni ikiwa baridi kabisa, anza na plagi na fyuzi yake. Wakati mwingine kidole kimechomoka kwenye kibanio chake na kimelala sakafuni mwa oveni, au kimegusa koili, au kimefunikwa na mafuta ya kuku yaliyogandamana. Kisafishe, kirudishe mahali pake, uoke tena kabla ya kutumia shilingi moja.

Jaribio la jikoni ni hili, halihitaji mashine. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na digrii 186. Weka kijiko kimoja cha sukari kwenye karatasi ya foili, katikati ya oveni iliyokwisha pata moto, nobu ikiwa kwenye 175. Ngoja dakika 15. Sukari isiyeyuke. Kisha weka nyingine nobu ikiwa 190, na hiyo iyeyuke. Kama ile ya 175 imekuwa maji ya rangi ya asali, oveni yako inapita kipimo. Mwenye themomita ya oveni aiweke katikati, asome mara kadhaa kwa muda wa saa nzima. Joto kupanda na kushuka digrii kumi au ishirini si ugonjwa, ndivyo vifaa hivi vilivyo. Na kama imezidi kidogo lakini kila mara ni kiasi kile kile, usifungue kitu. Jua tu kwamba 180 yako ni 165, uendelee na kazi.

Ikithibitika kwamba themostati ndiyo yenye makosa, hapo ndipo tunashika bisibisi. Lakini kwanza stima. Chomoa plagi, na uilaze mahali unapoiona. Kama jiko limefungwa moja kwa moja ukutani, zima swichi yake na meni swichi pia, umwambie kila mtu nyumbani. Na hapa nasisitiza jambo la kwetu. Tangu mradi wa Last Mile ulipozinduliwa mwaka 2015, ada ya kuingiziwa stima ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyumba nyingi za vijijini zimepata mita za tokeni. Tokeni kuisha si kuzima stima! Wewe umeingiza mkono nyuma ya jiko, kijana anarudi kutoka dukani na namba zake, anabonyeza, na volti 240 zinakukuta huko huko. Vivyo hivyo stima ikipotea kijiji kizima. Inarudi bila kubisha hodi. Tesa nayo isikufanye uamini kila kitu. Plagi iliyo mbele ya macho yako ndiyo ushahidi.

Oveni iwe imepoa kabisa. Vaa glavu na ufunike pua, kwa sababu ndani ya mabati kuna pamba ya kioo inayowasha ngozi na kifua. Fungua bati la nyuma, na mara nyingi lile la mbele lenye nobu. Kabla ya kugusa waya yoyote, piga picha kwa simu au chora kwenye karatasi: waya ya rangi gani iko kwenye namba gani. Themostati za waya mbili ni rahisi, lakini nyingine zina nne au zaidi, na hapo kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Ukiona waya imekauka na kupasuka, andika hiyo pia.

Mwenye multimita apime sasa, waya zikiwa zimechomolewa kwenye themostati. Nobu ikiwa kwenye sifuri, kusiwe na njia. Izungushe hadi 100, na mita isome karibu na sifuri omu. Kisha fanya jaribio ninalolipenda. Toa themostati nzima, weka nobu kwenye 60, utumbukize kidole peke yake ndani ya maji yanayochemka. Kiboksi kisilowe. Kwetu huku, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, inatosha sana. Unapaswa kusikia "ta" na mita ionyeshe njia imekatika. Ukitoa kidole kikapoa, isikike tena. Isiposema chochote, imekufa, na huna sababu ya kubishana na mtu.

Ukiwa hapo pima koili pia. Zidisha 240 kwa 240, ugawanye kwa wati zake. Koili ya wati 1,000 isome karibu omu 58. Ikisoma mbali sana, au kukiwa na njia kati ya koili na ganda lake la chuma, basi una mgonjwa wa pili, na huyo wa pili ndiye anayerusha watu kwa stima.

Kununua. Usiende Busia au Malaba na maneno matupu, eti "nataka themostati ya oveni". Beba ile ya zamani mfukoni. Linganisha mwisho wa joto lake, maana ya 250 si ya 300. Linganisha ampea. Oveni ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8, na nyingi zimeandikwa 16, kwa hiyo usikubali ndogo. Linganisha idadi ya miguu ya waya, urefu wa mrija, unene wa kidole, na umbo la kijiti kinachoingia kwenye nobu, kwa kuwa kuna cha duara kilichokatwa upande mmoja na kuna kingine. Mrija mrefu zaidi unafaa, mfupi haufai. Mwuzaji akikuletea ya friji au ya pasi, akisema zote ni themostati, mshukuru uende duka lingine.

Kuifunga si kazi ngumu, bali inataka upole. Mrija haukatwi, haukunjwi kama karatasi. Upinde kwa duara pana, na unaozidi uuviringe taratibu kama kamba ya ng'ombe. Kumbuka mrija ni chuma. Ukigusa mguu wenye stima, jiko lote litakuwa na stima. Upitishe mbali, ndani ya soksi yake ya kuzuia joto. Kidole kipite kwenye tundu lile lile, kibanwe kwenye kibanio kile kile, kisiguse koili wala ukuta. Vichwa vya waya viingie kwa kubana. Kilicholegea kinatoa moto chenyewe na kuunguza themostati mpya ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo kibadilishe. Ukibadilisha waya, iwe ile ya kustahimili joto. Waya ya nyumba ya kawaida itayeyuka. Waya ya ardhini, ile ya kijani na manjano, irudi ilikotoka na ikazwe vizuri. Wako wanaoiacha ikining'inia kwa sababu "jiko linawaka tu bila hiyo". Linawaka, ndiyo, mpaka siku bati litakapopata stima na mtoto akalishika.

Yote niliyosema ni ya oveni ya stima. Oveni inayowaka kwa gesi ina themostati inayofungua na kufunga gesi yenyewe, na kosa dogo linajaza nyumba. Hiyo mwachie fundi wa gesi.

Rudisha mabati yote kabla ya kuchomeka plagi. Washa oveni tupu kwenye 180, ukae nayo nusu saa, usiende kuteka maji. Harufu kidogo ya mafuta ya kiwandani ni kawaida. Moshi mwingi au cheche si kawaida, chomoa. Sikiliza "ta" ya kwanza, tazama taa ikizima na kuwaka angalau mara tatu. Kisha rudia jaribio la sukari. Mahali ambapo sukari imekubali, weka alama kwenye jiko kwa rangi ya kucha, maana namba za kiwandani zinafutika kwa sabuni. Jirani yangu sasa ana alama mbili, nyekundu ya mkate na nyeupe ya keki, na mabinti zake hawamwulizi tena.