Projekta Darasani: Maandalizi na Matumizi Yake

Vyombo vya kuona na kusikia ni msaada wa mwalimu, wala si badala yake. Kuwa na projekta ni jambo moja. Kuitumia hata mtoto wa dawati la mwisho akafaidika ni jambo jingine. Katika makala haya tutaeleza mambo manne ambayo mwanachuo hana budi kuyazingatia.

1. Je, chombo kinahitajika?

Tuanze na lengo la somo, siyo na mashine. Tuchukue mfano wa somo la Sayansi kuhusu mbu. Viluwiluwi vyaweza kuletwa darasani katika chupa ya kioo, watoto wakaviona vikipanda na kushuka majini. Hakuna picha ishindayo hayo. Lakini namna vinavyopumua ni vigumu kuionyesha darasa zima kwa chupa moja. Hapo ndipo picha iliyokuzwa inapofaa. Itaonyesha kwamba kiluwiluwi cha Culex huning'inia kichwa chini na kupumua kwa mrija, hali kile cha Anopheles, mbu aenezaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa hakina mrija huo.

2. Vipimo vya picha

Kanuni inayotumika sana ni hii: mtazamaji wa mwisho asiwe mbali kupita mara sita ya upana wa picha, na wa kwanza asiwe karibu kuliko mara mbili ya upana huo. Iwapo mtoto wa mwisho yuko meta 9 kutoka ukutani, picha iwe na upana wa meta 1.5 au zaidi. Kwa upana huo wa meta 1.5, mtoto wa kwanza akae meta 3 au zaidi kutoka ukutani.

Tusidhani kwamba kuisogeza projekta nyuma ni dawa ya kila tatizo. Umbali ukizidishwa mara mbili, eneo la picha huwa mara nne, na mwanga unaoangukia kila sehemu hupungua hadi robo. Kwa hiyo madirisha yaliyo karibu na picha yazibwe kwa mapazia au mikeka. Projekta ielekezwe ukutani moja kwa moja. Ikiinamishwa, picha hupanuka upande mmoja.

3. Kabla ya kipindi

Mwalimu aijaribu mashine watoto wakiwa hawajaingia, kisha akasimame nyuma ya dawati la mwisho na kusoma maandishi yake mwenyewe. Waya upitishwe kando ya ukuta usije ukamkwaza mtoto. Aidha, umeme unaweza kukatika. Basi mchoro ule ule uwe tayari kwenye karatasi ya manila.

4. Wakati wa somo

Swali litangulie picha, ili watoto wajue wanatafuta nini. Picha ikimaliza kazi yake izimwe, maana huvuta macho yaliyopaswa kuwa kwa mwalimu. Kwa projekta yenye taa ya joto, feni iachwe imalize kupoza kabla ya kuchomoa waya.

Mtoto asiyeona mara nyingi hasemi. Hunyamaza na kuacha kufuata. Ni wajibu wetu kumtambua kabla somo halijampita.

Zoezi: Pima chumba cha darasa lako la mazoezi. Kokotoa upana wa picha unaofaa, kisha eleza utakavyoendesha somo hilo la mbu umeme ukikatika.