Harusi ya Pasaka: Somo la Hesabu kwa Wanaotaka Kuoa na Kuolewa Ughaibuni



Mhariri aliniomba niandike somo la uhandisi ambalo halitamchosha mtu wa sheria wala wa uuguzi. Nimefikiri wiki mbili nzima. Nikaona somo ninalolijua kuliko hata tasnifu yangu, maana limenigharimu fedha na usingizi, ni hili la kupanga harusi wakati wa Pasaka ukiwa hapa Uingereza. Kila mwaka hawakosi wawili watatu humu jumuiyani wanaotangaza kwamba "tunafunga Pasaka". Basi wenye nia hiyo wachukue kalamu.

Kwanza, kwa nini Pasaka? Wengi wetu tumetoka na desturi hiyo nyumbani. Kwetu Moshi, kama ilivyo kwa Wakristo wengi wa bara, Kwaresima si msimu wa harusi. Mapadre na wachungaji wengi hawapendi kufungisha ndoa siku zile, na kwa Wakatoliki Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hakuna ndoa kabisa. Kwa hiyo Pasaka ikifika watu wameshajipanga foleni. Jumatatu ya Pasaka na Jumamosi zinazofuata utasikia matarumbeta kila kona, ndafu zinapishana barabarani. Mimi na mchumba wangu tulikuja huku na desturi hiyo kichwani, hatukujiuliza kama huku nako inawezekana.

Pasaka ya 2024 iliangukia 31 Machi. Nilitaka Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili, kama baba yangu alivyofanya. Nilipopiga simu kwa msajili wa ndoa niliambiwa siku hiyo ni sikukuu, ofisi imefungwa. Haya, tukasogeza mpaka Jumamosi ya 6 Aprili. Ukumbi tukalipia. Mama akakata tiketi ya kuja Ijumaa Kuu na kurudi 14 Aprili, maana likizo yake ilikuwa ya siku chache na nyumbani kuna bibi wa kuangaliwa. Tarehe 19 Februari tukaenda kutoa taarifa ya kusudio la ndoa. Nilihesabu siku 28 nikafika 19 Machi, nikasema, "Mbona tuna muda tele!" Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: muda wa kusubiri umeongezwa, sasa ni siku 70. Hesabuni wenyewe. Toka 19 Februari, na mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, siku ya kwanza tuliyoruhusiwa kufunga ndoa ilikuwa 30 Aprili. Mama angekuwa ameshaondoka wiki mbili kabla.

Sikumlaumu mtu. Sheria ilikuwa imeandikwa, ni mimi niliyesoma nusu. Basi naiandika hapa ili mwingine asisome nusu.

Kwa England na Wales (Scotland wana utaratibu wao, ulizeni huko), wote wawili lazima muwe mmeishi katika wilaya ya usajili kwa siku saba au zaidi kabla ya kutoa taarifa. Baada ya hapo mnasubiri siku 28 kamili. Lakini kama mmoja wenu si raia wa Uingereza au Ireland, na hana makazi ya kudumu wala hadhi nyingine inayomwondoa kwenye utaratibu huo, na hapa ndipo tulipo wengi wetu wenye visa za wanafunzi, taarifa yenu hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, nayo inaweza kuongeza kusubiri kufikia siku 70. Mnakwenda pamoja, katika ofisi iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Si kila ofisi inapokea wageni. Anayetaka kanisani naye asijidanganye kwamba matangazo ya Jumapili tatu yanatosha kama nyumbani. Kwa mgeni hayatoshi, taarifa kwa msajili ni lazima. Taarifa ikishakubaliwa hudumu miezi 12, kwa hiyo kuwahi hakuna hasara yoyote. Na kama mwenzio yuko Dar au Nairobi anataka kuja kufunga ndoa na kurudi, visa ya kawaida ya kutembea haimfai. Kuna visa maalumu ya mgeni anayekuja kufunga ndoa. Kabla ya kulipa chochote mpigie msajili wa eneo lako, umweleze visa zenu zote mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Pasaka inahama, na watu wanadhani inahama ovyo. La. Kanuni ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaotokea 21 Machi au baada yake, mwezi huo ukiwa ni wa majedwali ya Kanisa, si lazima ule unaouona dirishani. Ndiyo maana haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Mwanahisabati Mjerumani, Gauss, aliigeuza kuwa hesabu ya mabaki ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kwa miaka ya 1900 hadi 2099 ni hivi:

Gawanya mwaka kwa 19, baki liite a. Gawanya kwa 4, baki liite b. Gawanya kwa 7, baki liite c. Kisha zidisha a kwa 19, ongeza 24, gawanya kwa 30, baki liite d. Halafu jumlisha 2b, 4c, 6d na 5, gawanya kwa 7, baki liite e. Pasaka ni 22 Machi ukiongeza siku d na siku e.

Tujaribu 2027. Baki la 19 ni 13, la 4 ni 3, la 7 ni 4. Kumi na tatu mara 19 ni 247, ongeza 24 ni 271, baki la 30 ni 1. Halafu 6 na 16 na 6 na 5 ni 33, baki la 7 ni 5. Basi 22 na 1 na 5 ni 28 Machi. Jaribuni wenyewe 2028, mkipata 16 Aprili mmepatia. Kuna miaka michache inayokataa kanuni hii, ikaleta wiki moja zaidi. Unaofuata ni 2049, na natumaini mpaka hapo mtakuwa mmeshaoana.

Ukiipata Pasaka, pima na kalenda za wenzako. Jumuiya yetu si ya Wakristo wa Magharibi peke yao. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza 11 Machi na Idi ikawa 10 Aprili, maana yake Jumamosi yangu ya 6 Aprili ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wamefunga. Mimi nilikuwa nimepanga chakula saa tisa mchana! Wenzetu wa Ethiopia na Eritrea nao Pasaka yao ilikuwa 5 Mei, hivyo walikuwa katikati ya mfungo wao mkubwa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwa 2027 Ramadhani inakadiriwa kuisha karibu na 9 Machi, kutegemea mwandamo, lakini Pasaka ya Waorthodoksi ni 2 Mei, kwa hiyo sufuria ya dengu bila samli ibaki kwenye orodha.

Kisha saa. Huku saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka 2024 ilikuwa siku ileile ya Pasaka, na 2027 itakuwa hivyo tena. Nilikuwa nimewaambia wa nyumbani ibada yetu ya Kiswahili ni saa nane mchana, kwenu saa kumi na moja jioni, wafungue simu. Lakini usiku ule tofauti ilitoka saa tatu ikawa mbili. Walipofungua, mchungaji alikuwa ameshatoa baraka na watu wanakunja viti. Bibi alitazama viti.

Hapo ndipo uhandisi unapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya DuPont kule Marekani ilisaidia kubuni njia ya kupanga kazi kubwa za ujenzi na ukarabati wa viwanda. Unaandika kila kazi, inachukua siku ngapi, na inasubiri ipi iishe kwanza. Ukizifunga pamoja unapata minyororo kadhaa. Mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaoamua tarehe. Ukichelewa siku moja humo, harusi imechelewa siku moja. Minyororo mingine ina nafasi ya kupumua.

Tuseme mnataka Jumamosi ya 3 Aprili 2027, wiki moja baada ya Pasaka. Hesabu unaianzia siku ya harusi ukirudi nyuma. Mnyororo wa sheria: weka siku 70 za kusubiri, usiweke 28, na siku moja juu kwa kuwa siku ya kutoa taarifa haihesabiwi. Umefika 22 Januari. Miadi ya ofisi mimi huiwekea wiki tatu, umefika 1 Januari, ambayo nayo ni sikukuu, kwa hiyo miadi itafutwe kabla ya Krismasi. Jumla siku 92. Mnyororo wa mama: nyaraka siku 14, visa 28, tiketi 14, na awepo siku 7 kabla, jumla 63, anapumua siku 29. Mnyororo wa ukumbi, kadi na chakula: wiki sita, siku 42, unapumua siku 50. Sasa kumbukeni sisi tulianzia wapi. Tulianza na ukumbi! Wiki nzima tulibishana rangi ya vitambaa vya meza, jambo lenye siku 50 za kupumua, huku jambo lisilo na hata moja limelala kwenye bahasha.

Kuhusu michango nitasema machache, maana kila mtu ana kamati yake na ugomvi wake. Mweka hazina wetu alikuwa na safu mbili daftarini, ahadi na taslimu. Mwezi mmoja kabla, ahadi zilikuwa pauni 4,200 na taslimu 2,650. Pangeni kwa safu ya pili. Kukopa kwa ajili ya mapambo mimi sikubaliani nako, hata kama shangazi atanuna.

Mtauliza, sasa ile 6 Aprili ilikuwaje? Ukumbi haukurudisha fedha, mama alikuwa hapa, na watu 90 walikuwa na kadi. Mchumba wangu ndiye aliyeamua: "Mama hajasafiri kuja kutazama barua. Tutasherehekea Pasaka." Basi tukageuza. Ndoa hatukufunga, na MC alilisema wazi mapema ili asitokee mtu wa kutunza picha akaziita za harusi. Ikawa Pasaka ya jumuiya, na mama kuwatambulisha wazazi wa pande zote kwa simu.

Chakula tulikisogeza. Jua lilizama karibu saa mbili kasorobo usiku, kwa hiyo waliofunga walianza na tende na uji, sisi tukawasubiri, wote tukala pamoja. Mchele tulipiga gramu 120 kwa mtu, kwa watu 90 ni kilo 10.8, nyama gramu 150, kilo 13.5. Dada aliyepika alitazama karatasi yangu akacheka, akapima kilo 14 za mchele. Hakikubaki kitu. Ndafu mzima huku utamchomea wapi? Tulichoma miguu miwili ya mbuzi kwenye jiko la ukumbi, tukaifunga majani, mama akaikata kama inavyotakiwa. Manunuzi tuliyamaliza Jumamosi Kuu, maana hapa England na Wales maduka makubwa, yaliyozidi mita za mraba 280, kisheria hayafunguliwi Jumapili ya Pasaka. Utabaki na vijiduka vya pembeni na bei zake.

Watoto wa huku wamezoea kutafuta mayai ya chokoleti. Sisi tulichemsha mayai ya kweli na maganda ya vitunguu na siki kidogo. Yanatoka rangi ya udongo wa Kilimanjaro, mazuri ajabu, na gharama yake ni karibu bure. Tuliyaficha chini ya viti. Mayai mawili hayakuonekana mpaka siku ya kufagia.

Mama aliondoka tarehe 14. Uwanja wa ndege alinipa bahasha ya kitenge alichokuwa amekuja nacho kwa ajili ya siku yenyewe, akasema nimfungulie simu.

Tulifunga ndoa Jumamosi ya 11 Mei 2024, saa tano asubuhi, mbele ya msajili na mashahidi wawili, mmoja wao mweka hazina. Moshi ilikuwa saa saba mchana. Hesabu hiyo niliirudia mara tatu, na bibi alikuwa amekaa mbele ya simu tangu saa sita.