Gemu za Mashine Moja: Tuache Ushabiki, Tuelewe Biashara

Bwenini mabishano haya hayaishi. Mmoja ni PlayStation damu, mwingine Xbox, wa tatu anawacheka wote kwa sababu ana Switch yake mkononi. Kila mtu anarusha majina: God of War! Halo! Zelda! Ila swali la msingi hakuna anayeliuliza: kwa nini gemu ichezeke kwenye mashine ya kampuni moja tu?

Jibu fupi ni kwamba mashine peke yake ni boksi. Kinachouza boksi ni gemu. Mwaka 1991 Sega ilimtoa Sonic ili apambane na Mario wa Nintendo, na mbio zake zilikuwa tangazo tosha kwamba mashine ya Sega ina kasi.

Gemu hufungwa kwenye mashine moja kwa njia kuu tatu.

Kwanza, teknolojia. Final Fantasy sita za mwanzo zilitoka kwenye mashine za Nintendo. Ya saba, mwaka 1997, ikahamia PlayStation. Sababu kubwa ilikuwa nafasi: kaseti za Nintendo 64 ziliishia megabaiti 64, wakati CD moja hubeba kama 650, na gemu ile ilitoka kwa CD 3.

Pili, kununua. Halo ilionyeshwa 1999 kwenye jukwaa la Apple. Mwaka 2000 Microsoft ikainunua Bungie, studio iliyokuwa ikiitengeneza, na 2001 Halo ikazinduliwa pamoja na Xbox ya kwanza.

Tatu, kupika nyumbani. Hapa Nintendo ndiye mwalimu. Mashine yake ya Switch haikuwa na nguvu kama za wapinzani, lakini Breath of the Wild ya 2017 ilionyesha kwamba ubunifu unaweza kuziba pengo la nguvu.

Sasa tulinganishe. Sony hupenda hadithi nzito za mchezaji mmoja, mfano The Last of Us ya 2013. Unacheza kama unaangalia filamu. Microsoft ilijijenga kwa kupigana na kushindana mtandaoni, Halo na Forza, kisha 2017 ikaleta Game Pass, unalipia kwa mwezi. Nintendo hutengeneza gemu za kukaa pamoja sebuleni: Mario Kart haihitaji maelezo, mpe mgeni rimoti tu.

Lakini kuta zimeanza kubomoka. Horizon Zero Dawn ya Sony ilifika kwenye kompyuta mwaka 2020, God of War ikafuata 2022. Sea of Thieves ya Microsoft ilitua PlayStation 5 mwaka 2024, Forza Horizon 5 mwaka uliofuata. Gharama za kutengeneza gemu kubwa zimepanda mno. Wateja wa boksi moja hawatoshi kuzirudisha. Nintendo ndiyo bado imeshikilia ufunguo wake.

Kwa hiyo wewe unayedunduliza bumu, jiulize maswali matatu kabla hujatoa hela. Gemu ninayoitaka itabaki humo tu, au nikivuta subira nitaipata kwenye kompyuta niliyonayo? Nitacheza peke yangu au na wenzangu? Na je, ni ya diski, ambayo naweza kuazimana na mtu au kuiuza, au ni ya kupakua, itakayokula bando la mwezi mzima?

Mwenzangu mmoja wa chumba alinunua mashine kwa ajili ya gemu moja tu. Ndani ya wiki mbili akawa ameimaliza. Leo mashine hiyo tunawekea vitabu juu yake. Gemu ilikuwa kali kweli, hilo hatubishi. Alichosahau kuuliza ni kimoja: baada ya hiyo, nini?