Ustawi au Siha? Tatizo la Istilahi Katika Mazingira ya GNOME

Toleo la 48 la GNOME, lililotoka Machi 2025, humhesabia mtumiaji muda akaao mbele ya kompyuta, humkumbusha kupumzisha macho na kunyoosha viungo, na likitakiwa huondoa rangi kwenye skrini muda aliojiwekea unapokwisha. Mfasiri aliiteje fungu hilo? Neno *ustawi* limekwisha kufungamana na idara za serikali. *Afya* humwelekeza msomaji hospitalini. Twapendekeza *siha*, kwani hudokeza uzima kuliko ugonjwa, ingawa (tukiri) haligusi vyema utulivu wa nafsi. Hata hivyo, programu huria hufasiriwa na watu wa kujitolea, nao ndio watakaolipokea neno hili au kulikataa.