Injini Mpya, Mguu Ule Ule

Ndugu wanachuo, wengi wetu tukisikia gari limebadilishwa injini tunauliza swali moja tu: sasa lina nguvu kiasi gani? Likizo iliyopita nilijifunza swali la pili, tena kwa kutetemeka: je, mguu wa dereva unaweza kuizuia nguvu hiyo?

Gari lenyewe ni Datsun 240Z la mjomba wangu wa Arusha. Wazee wa Safari Rally wanalijua. Aina hiyo ilishinda mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, wakati mashindano yale bado yalikuwa na jina la Afrika Mashariki. Injini yake ya asili, mitungi sita na lita 2.4, ilikufa, na spea zake kuzipata ni mtihani. Mjomba akaweka 1JZ ya Toyota, lita 2.5, ndugu yake ile iliyo kwenye Mark II nyingi mtaani, pamoja na giaboksi ya gia za mkono.

Injini ilinguruma vizuri mno. Siku ya majaribio mjomba aliingia na buti lake la kazini, akazunguka uwanja wa gereji, akakanyaga breki asimame. Gari likaruka mbele badala ya kusimama! Buti lilikuwa limekanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Alizima swichi, gari likagota hatua mbili hivi kutoka kwa dogo aliyekuwa amechuchumaa anaosha spea. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno. Kisha mjomba akaniwekea ufunguo mkononi, akasema, "Tafuta mteja. Mimi basi."

Hatukutafuta mteja, tulitafuta fundi mwingine. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, na nayaandika kama somo kwa sababu yote yamo kwenye fizikia ya kidato cha pili.

1. Anza na kiatu

Mzee yule hakufungua boneti. Alinitazama miguuni akacheka: "Mwalimu, hizo raba zako za chuo zisubiri. Mwambie mjomba'ko akae na buti lake lile lile, kiti akiweke anavyokaa siku zote." Kisha akapima.

Nafasi kati ya breki na mafuta ilikuwa milimita 25 tu. Kibaya zaidi, pedeli ya mafuta ilisimama juu kuliko ya breki. Fundi wa kwanza alikuwa amechukua pedeli ya Mark II akaichomelea pale alipoona pana nafasi. Nafasi ilimfaa yeye na mashine yake ya kuchomelea. Mguu haukuulizwa.

Kanuni aliyonipa ni hii: breki isimame juu kuliko mafuta, na hata ukiikanyaga mpaka inashika sawasawa, isishuke chini ya usawa wa pedeli ya mafuta iliyotulia. Hapo buti haliwezi kunasa vyote viwili. Pembeni tuliacha milimita 60. Mfumo wa breki wenyewe haukuguswa. Alisema ukibahatisha kwenye mafuta utachelewa kufika, ukibahatisha kwenye breki hutafika kabisa.

2. Pedeli ni wenzo

Datsun hili lilikuwa na kabureta mbili, na pedeli yake ilisukuma vyuma vilivyounganishwa mpaka kwenye kabureta. Injini yetu ya Toyota inavutwa kwa kebo. Tulirudisha pedeli ya asili, kwa kuwa ilikaa mahali sahihi, tukaitengenezea mkono mpya wa juu wa kushika kebo.

Sasa hesabu. Kutoka egemeo hadi pale mguu unapokanyaga ni milimita 200. Ili injini ifunguke yote, kebo inatakiwa kuvutwa milimita 36. Mkono wa juu ukiwa na urefu wa milimita 60, mguu utasafiri 36 × 200 ÷ 60, yaani milimita 120. Hiyo ni safari ndefu, mguu unachoka. Tulitaka milimita 80. Basi mkono unatakiwa kuwa 36 × 200 ÷ 80, yaani milimita 90. Ndivyo tulivyoukata.

Mambo mawili yasisahaulike. Weka bolti ya kuzuia pedeli pale injini inapokuwa imefunguka yote, la sivyo mguu utaendelea kuvuta na kebo itakatika. Pia ongeza springi kwenye pedeli yenyewe, zaidi ya ile ya injini, ili moja ikikatika nyingine irudishe. Na kama injini yako ni ya aina mpya isiyo na kebo, ina pedeli yenye sensa. Hiyo usiikate, itengenezee kibao cha kuifungia.

3. Klachi na goti la mjomba

Mjomba ana goti la kushoto lililoumia zamani. Masta ya klachi ya zamani, ya inchi 5/8, haikuweza kuisukuma vya kutosha masta ya chini ya giaboksi mpya, gia zikawa zinakwaruza. Fundi wa kwanza akaweka ya inchi 3/4. Gia ziliingia, lakini goti likavimba.

Kwa nini? Nguvu ya mguu inagawanywa kwa eneo la pistoni. Kutoka 5/8 hadi 3/4 eneo linaongezeka mara 1.44. Unasukuma mafuta mengi zaidi kwa asilimia 44, na unalipa kwa uzito wa asilimia 44. Cha bure hakipo.

Kabla ya kununua chochote, mzee alinituma nikanyage klachi huku yeye akitazama upande wa injini. Kumbe ukuta wa bati ulioshika masta ulikuwa unajikunja! Sehemu ya safari ya pedeli ilikuwa inaishia kukunja bati. Tuliukaza kwa kipande cha chuma, ndipo tukaweka masta ya inchi 11/16. Eneo lake ni mara 1.21 ya ile ya kwanza. Gia zikaingia na goti likapumua.

4. Joto, kisha majaribio

Kwenye injini ya Datsun, bomba la moshi linatokea upande wa kushoto, mbali na dereva wetu anayekaa kulia. Kwenye 1JZ linatokea kulia, upande ule ule wa masta za breki na klachi. Mafuta ya breki yakichemka, pedeli inazama bila kushika kitu. Tukahamisha paipu mbali na moto na kuweka bati la kukinga joto.

Halafu tukajaribu kwa hatua: kwanza injini ikiwa imezimwa, kukanyaga na kuachia mara nyingi; pili gari likiwa juu ya stendi; tatu uwanjani, na safari hii dogo wa spea alikuwa nyuma ya geti. Mjomba alikanyaga breki na gari likasimama. Akarudia mara kumi, haniamini. Jumapili yake alikwenda Usa River na kurudi, akaniomba ufunguo wa akiba nilioukalia tangu siku ile.

Nimerudi chuoni na deni. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana niliandika ubaoni maana ya wenzo, wanafunzi wakanakili, wakaimba, wakafaulu jaribio. Hakuna hata mmoja aliyeugusa wenzo. Mtaala ulikuwa mzuri, nguvu ilikuwepo, lakini sikuangalia miguu ya waliokuwa wamekaa mbele yangu. Mwaka huu naingia darasani na ubao wa mbao, msumari wa egemeo, kamba na rula.

Zoezi: pedeli ina milimita 240 chini ya egemeo, kebo inataka kuvutwa milimita 30, na mguu usafiri milimita 90. Mkono wa juu uwe na urefu gani? Ukishapata jibu, kabla ya kukata chuma, muulize dereva anavaa kiatu gani.