Programu ya Kumsaidia Mnywaji Kahawa

SWALI: Natengeneza programu ya simu ya kuwasaidia watu kunywa kahawa ya asubuhi bila kudhuru afya. Nianzie wapi?
Mbunifu, Mombasa

JIBU: Anza na sukari, kisha kafeini. Kahawa chungu ya barazani haitiwi sukari, lakini mara nyingi husindikizwa na halua au kashata. Kijiko cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku. 25 ni bora zaidi. Mtumiaji abonyeze picha ya kikombe na idadi ya vijiko, basi.

Kwa kafeini, kikomo kiwe miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Mtumiaji anayezidisha apunguze kidogo kidogo, kwani kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma akumbushwe asivinywe pamoja na kahawa, maana huzuia madini hayo kufyonzwa vizuri.

Arifa iwe moja tu, kabla ya saa ya mtumiaji kunywa kahawa. Ikija kikombe kimeshamalizwa, ni lawama, na programu itafutwa.